Mchicha siku ishirini na tano, mnazi miaka saba: safari yangu ya Mombasa

Nimerudi Tanga wiki mbili zilizopita. Daftari langu lilinyeshewa kivukoni na kurasa mbili zikagandana, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyaokoa kwenye picha za simu. Mimi ni bibi shamba. Wakulima wangu wanalima mboga pembezoni mwa mji, na kila mwaka orodha yao inapungua. Hawafi wala hawaachi kazi. Mashamba yao yanageuka viwanja. Mombasa imetutangulia kwenye njia hiyo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika kaunti ile, na ya 2019 ikahesabu 1,208,333, na kisiwa hakikuongezeka hata hatua moja. Nikaomba likizo ya siku saba mwezi wa Mei nikaone wenzetu wanalima wapi, na nani anawashika mkono.

Siku ya kwanza, Jumamosi. Tanga hadi Mtongwe

Gari la Horohoro liliondoka saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili, kwa kungoja abiria wawili. Nauli shilingi 6,000 za kwetu. Mpakani, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, ukipanga mstari mmoja umemaliza. Niliombwa hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliyekuwa mbele yangu alisahau kadi nyumbani, nikamwacha pale anapiga simu.

Kwa atakayefuata: badilisha pesa kidogo tu mpakani, ya nauli na chakula cha siku moja. Laini ya simu ya Kenya inunue mapema, maana hata muuza madafu anapokea malipo kwa simu.

Lunga Lunga hadi Likoni, shilingi 450 za Kenya. Mvua ilitushika baada ya Ukunda na haikutuachia. Shangazi yangu anakaa Mtongwe, upande wa kusini, kwa hiyo siku hiyo sikuvuka maji. Alinipokea na kanga kavu kabla ya salamu. "Vua hizo kwanza, mwanangu, tutaamkiana baadaye."

Nilikuja hapa nikiwa na miaka kumi, na nakumbuka mihogo mpaka ukingo wa macho. Sasa nyumba ya shangazi imezungukwa na maghorofa matatu, na uani imebaki minazi miwili. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Analipa kodi ya ardhi kila mwezi, kama watu wengi wa Mombasa wanavyoishi tangu enzi za babu zao. Jirani amelalamika kwamba nazi zinamdondokea juu ya mabati. Shangazi amemjibu kwamba minazi ilikuwepo kabla ya mabati.

Usiku tulikula wali wa nazi, mchicha na ng'onda. Nikamuuliza mchicha umetoka wapi. "Kwa mama mmoja wa Jomvu, huja nao hapa Alhamisi." Nikaandika Jomvu.

Siku ya pili, Jumapili. Kongowea

Mtoto wa shangazi ana tuktuk. Tulitoka saa tisa na nusu usiku, tukavuka Likoni na feri. Kwa waendao kwa miguu feri ni bure. Pale ndipo daftari liliponyeshewa.

Soko la Kongowea saa kumi alfajiri ni mji mwingine. Malori yamerudi nyuma mpaka ukutani, wapagazi wanapita wakipiga kelele "kando, kando", na taa za simu zinamulika nyanya. Nilitembea nikiuliza kila rundo limetoka wapi. Ndizi, Taveta. Kabichi, nyingine Taita, nyingine Lushoto. Machungwa, Muheza. Muuzaji mmoja aliposikia natoka Tanga alinipigia kabichi kofi, akasema, "Basi hizi ni ndugu zako, zimekutangulia kufika."

Nilikuwa nimezunguka karibu saa nzima bila kukutana na kitu kilicholimwa Mombasa. Halafu kukaanza kupambazuka na kina mama wakaingia na magunia yenye maji: mchicha, matembele, mnavu, kunde za majani, mabenda kidogo. Hao wanatoka Jomvu, wanatoka Kisauni, wanatoka Likoni. Mama mmoja alinieleza akiwa anagawa mafungu ya shilingi kumi na ishirini: "Kabichi yaweza kulala njiani siku mbili. Mchicha ukilala usiku mmoja ni chakula cha mbuzi. Ndiyo maana lori halituwezi."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita na sikuwahi kulisikia likisemwa vizuri hivyo. Jiji halitajilisha mahindi wala viazi, na hakuna haja lijaribu. Lakini majani ya kijani, yale anayoyala mtu wa kipato kidogo kila siku, lazima yatoke karibu, na karibu maana yake ni ardhi ileile ambayo kila mtu anaitaka kwa nyumba.

Mahamri mawili, mbaazi za nazi na chai: shilingi 80, kwenye benchi nyuma ya soko. Fika kabla ya saa kumi na moja, vaa viatu vinavyofungwa, na usipige picha mtu kabla ya kumuomba.

Siku ya tatu, Jumatatu. Jomvu

Matatu kutoka mjini shilingi 70. Tulipita Daraja la Makupa, lile lililofunguliwa 2022, na Kibarani ambapo zamani palikuwa jaa la taka na sasa pamepandwa miti. Kumbuka Kibarani, taka hazikuyeyuka, nilikutana nazo Alhamisi.

Mama wa mchicha nilimpata kwa kuelekezwa na kijana wa bodaboda ambaye hakutaka pesa, "kwa kuwa nakwenda hukohuko". Shamba lake liko chini ya nyaya za umeme mkubwa, ukanda usioruhusiwa kujengwa. Ana matuta kumi na manne, kila moja upana wa mikono miwili ili asikanyage katikati anapong'oa. Hapandi yote siku moja. Kila baada ya siku tatu au nne anamwaga mbegu tuta moja au mawili, kwa hiyo muda wote kuna linaloota, kuna linalokua na kuna linalovunwa. Mbegu anajiwekea mwenyewe: huacha mimea michache mirefu kwenye kona mpaka ikomae, anaikausha juu ya gunia, anaipukusa kwa kiganja. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga, kwa hiyo huichanganya na majivu ili aone mkono wake umemwaga wapi. Juu anatandaza samadi ya kuku iliyolala wiki tatu, gunia shilingi 150. Kopo la kumwagilia ni mtungi wa lita ishirini uliotobolewa kwa msumari wa moto.

Siku ya ishirini na tano anavuna. Tuta zuri humpa kama shilingi 400. Kiangazi hali inageuka, maana maji ananunua mtungi mmoja shilingi 20 kwa mkokoteni, na tuta moja linakunywa mitungi mingi kabla ya kuvunwa. Maji ya Mombasa yenyewe yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Tiwi. Yakifika ni ya kunywa, na mchicha unangoja mwisho wa foleni.

Pembeni kuna mtaro. Yeye haugusi, wapo wanaougusa. Nitasema hapa nilichowaambia majirani zake, kwa kuwa kwetu Tanga ni hivyohivyo. Maji ya mtaro yana minyoo na vijidudu vya kuhara. Kama huna mengine, mwagilia udongo badala ya majani, kwa mfereji mdogo kati ya matuta. Acha kabisa siku kadhaa kabla ya kuvuna, jua lifanye kazi yake. Osha kwa maji safi, wala usioshee mtaroni ili mboga ing'ae. Walinisikiliza. Mmoja aliuliza maji safi hayo yatatoka wapi, na hakukosea kuuliza.

Nikamuuliza mama mbona hana hata mpapai mmoja. Samadi anayo, jua analo. Akanyoosha jembe kuelekea kigingi cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, hatua kama tano kutoka tuta la mwisho. "Huyo alikuja mwezi wa tatu. Hakuna aliyenieleza ni wa nini. Mpapai wataka miezi tisa. Miezi tisa mimi nitaitoa wapi, dadangu?"

Tangu hapo, kila shamba nililolifikia sikuanza kuuliza ardhi ni ya nani. Nilitazama kwanza kilichopandwa. Mchicha, siku ishirini na tano. Muhogo, miezi tisa hadi mwaka. Mnazi mrefu wa kienyeji, miaka sita au saba kabla ya nazi ya kwanza. Mtu hupanda kwa urefu wa siku anazoamini kuwa nazo.

Mvua ilipoanza tulikimbilia kibanda cha fundi baiskeli. Akatupa ndoo za kukalia, akaichaji simu yangu, akakataa hata bei ya chai.

Siku ya nne, Jumanne

Mvua. Nguo hazikukauka. Jioni ilipokatika nilikwenda Bamburi kwenye hifadhi ya Haller, ambayo zamani ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje juu ya mwamba mtupu wa matumbawe, na majani yake yalipokataa kuoza akaleta majongoo wayatafune. Kinyesi cha majongoo kikawa udongo. Nilichimba kwa kidole chini ya mvinje mmoja: udongo mweusi, unanukia msitu. Yeyote anayesema ardhi ya mawe ya Pwani haiwezi kusaidika aanzie pale.

Siku ya tano, Jumatano. Kikao

Mama wa Jomvu alikuwa ameniambia kuna kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya mwaka unaokuja, kwenye ukumbi wa wadi. (Wadi ni kata.) Tangazo lilisema saa nne. Barabara ilikuwa imejaa maji, kikaanza saa sita na nusu. Tulikuwa kama watu sitini, na kwa saa nzima ikazungumzwa mitaro, taa za barabarani na karo za watoto. Sikushangaa. Mtu aliyeogelea kufika ukumbini atasema mtaro.

Kisha akasimama mama wa Jomvu. Kanga ya kiunoni ilikuwa bado na tope la asubuhi. Alisema hivi, na nimeyanakili neno kwa neno: "Mimi nimewahi kupewa mbegu, nashukuru. Nimewahi kupewa vifaranga, nashukuru. Sasa niambieni nipande wapi, na hapo nitakaa siku ngapi." Akaketi.

Ukumbi ulinyamaza kidogo. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, anayefuatilia mambo ya bajeti kwa kujitolea, akalichukua neno na kulifafanua, na mimi nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwenye semina nyingi. Katiba yao ya 2010 imeweka kilimo na mipango ya ardhi vyote mikononi mwa kaunti. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kaunti iwe na mpango unaoonyesha ardhi ipi ni ya nini, na anayetaka kubadilisha shamba kuwa makazi aombe kibali. Nairobi ilitunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Kwa hiyo, alisema, anachouliza mama ni mchoro tu kwenye ramani: ukanda wa nyaya za umeme, kando ya reli, mabonde yanayojaa maji ambako nyumba haifai kujengwa, viandikwe kwamba ni vya mboga, na anayelima apewe karatasi ya miaka miwili au mitatu yenye jina lake. Halafu ndipo mbegu.

Nilitamani kupiga makofi, nikakumbuka mimi ni mgeni. Sisi Tanzania tuna kanuni za kilimo cha mijini tangu 1992, na bado wakulima wangu wananiuliza swali lilelile. Karatasi ya taifa peke yake haimfikii mama mwenye matuta kumi na manne. Inayomfikia ni ramani ya mtaa wake, na mpimaji anayeisoma kabla ya kupigilia kigingi. Ninaamini hivyo kwa moyo wote, na tangu nirudi nimeshaandika barua mbili.

Ushauri wa yule kijana, kwa walioko Kenya: mwezi wa tano umechelewa. Makadirio hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na kinachosikika Mei ni marekebisho madogo. Ukitaka jambo jipya liingie, lipeleke kabla ya mpango wa mwaka, ambao hufikishwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Peleka kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Tulikula viazi karai nje ya ukumbi na ukwaju, shilingi 50. Mama alilipa kabla sijafungua mkoba.

Siku ya sita, Alhamisi. Mwakirunge

Pikipiki kutoka Bamburi kuelekea bara, shilingi 250, na kwa tope lile naona alinionea huruma. Nyumba zilianza kuachana, yakatokea mahindi, ufuta, halafu harufu. Ile taka ya jiji sasa inakwenda huku. Malori yanapanda, mbuzi na ng'ombe wanachokora pembeni.

Ng'ambo ya bonde, mbali na harufu, nilikaribishwa na mzee mwenye minazi kama sitini mizee na ishirini michanga. Ile michanga ndiyo iliyonivuta. Ameipanda mwaka jana, na ana miaka sabini na kitu. Aliniangulia dafu kwanza, kisha akanipeleka kwa mnazi mmoja ambao majani yake machanga yamekatwa pembetatu, kama aliyepita na mkasi. "Chonga," akasema. Akachukua waya wenye ndoana, akauingiza polepole kwenye tundu la kitako cha kuti, akausokota, akasikiliza kama daktari. Akavuta. Ukatoka mdudu mweusi mkubwa kama kidole gumba, na pembe moja, bado unajikwaruza. Akatia mchanga wenye majivu kwenye tundu, tukaenda wa pili. Chonga huzaliana kwenye magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi, kwa hiyo ukiangusha mnazi mzee uchome au uupasue, usiuache ulale.

Nikasema moyoni, huyu bila shaka ana hati. Anayo. Lakini aliponiona nafurahi akatikisa kichwa. "Hati ndiyo inayoniuzia, mwanangu. Kabla ya hati hakuja mtu na gari kuniuliza bei. Sasa kila Jumapili." Wanawe wawili wameshauza mafungu yao, ploti za futi hamsini kwa mia, na vigingi nikaviona. Vya saruji, safi, katikati ya mihogo.

Hapo hesabu yangu ya Jomvu ikapinda. Nilikuwa nimeondoka kule nikiamini kwamba mkulima akipewa uhakika wa ardhi, shamba limepona. Hati inamlinda mwenye shamba. Shamba lenyewe haililindi. Mzee akifa, minazi ile ishirini itakuwa na umri wa kuanza kuzaa, na atakayekuja kuikuta atakuwa na ramani ya nyumba mkononi. Nilimuuliza mbona basi amepanda. Akanijibu kwamba alikuwa na miche.

Alinifungia pingili nane za muhogo wa Kibandameno, ule mtamu wa Pwani, kwa kamba ya ukindu. "Ukapande kwenu."

Siku ya saba, Ijumaa. Mtwapa, na kurudi

Nilipitia kituo cha KALRO Mtwapa asubuhi, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, ng'ambo ya daraja. Hapa ndipo zilipozalishwa Tajirika, Karembo na Shibe, mihogo inayostahimili magonjwa kuliko Kibandameno. Mtaalamu aliyenipokea aliuona mzigo wangu kabla ya kunisalimu. Pingili zaweza kuonekana safi na zimebeba batobato, ugonjwa wa mabaka ya majani, au michirizi ya kahawia, ambayo pengine haijulikani mpaka ukate kiazi. Kuvuka nazo mpaka bila cheti cha afya ya mimea ni kosa, na ni kuwapelekea majirani ugonjwa. Niliona haya. Michirizi ya kahawia ilielezwa mara ya kwanza Amani, huku kwetu Tanga, miaka ya 1930, na mimi ndiye wa kukumbushwa.

Msibebe miche, mbegu wala pingili mpakani, hata ya zawadi. Ulizeni cheti kwanza.

Kwa hiyo nilirudi Mtongwe. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa, magari machache, nikapoteza saa mbili na nusu. Shangazi alizichukua pingili bila maneno mengi, akaleta jembe, akazilaza kwa mshazari kati ya minazi yake miwili, chini ya dirisha la jirani. Nilimwonyesha majani ya kuangalia. Nikafika Tanga saa nne usiku. Safari nzima, nauli na chakula, imenigharimu kama shilingi 6,800 za Kenya, bila kulipia malazi.

Juzi ameniletea picha. Zimechipua saba. Ya nane ilitoa majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano; ameing'oa mwenyewe na kuichoma. Jirani, anasema, ameuliza kama ataonjeshwa.